Mtambo na Mwuguzi

Fedha inapoadimika, mtu huahirisha harusi na nguo mpya; ugonjwa hauahirishiki. Kwa hiyo biashara ya mitambo ya tiba haifi upesi wakati wa dhiki: asiyeweza kununua hukodishwa.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi mitambo ya namna hiyo kwa makampuni ya ng'ambo, iwekwe katika hospitali 98, mbili au zaidi katika kila kaunti. Sisi wa Kibarani tulitumaini kwamba wagonjwa wetu wangetibiwa karibu, Kilifi au Malindi, wasisafirishwe Mombasa. Lakini mwaka 2020 kamati ya Seneti ilikuta baadhi ya mitambo nchini imelala kwa kukosa umeme, maji au wenye ujuzi, hali kodi yake inalipwa.

Je, penye fedha kidogo, kipi kitangulie: mtambo au mwuguzi? Mtu atasema kwamba mikono mitupu haisafishi damu. Ni kweli. Lakini tanga bila baharia halivushi mtu. Basi, vijana, kabla ya kukopa chombo, na tuulize kwanza nani atakiendesha. Maana deni la chombo kilicholala hulipwa na mgonjwa.