Sauti Ipatikanayo kwa Nguvu

Liko swali ambalo vijana wajifunzao tarumbeta huliuliza, nalo si swali la muziki peke yake. Husema: "Ikiwa sauti ya juu imetoka, na waliosikia wameridhika, kuna ubaya gani katika njia niliyoitoa?" Yafaa tulijibu kwa makini, kwa maana kila mwenye kazi mikononi mwake ameulizwa neno hilo, au atakuja kuulizwa.

Kwanza na tuelewe jinsi tarumbeta iliavyo. Wengi hudhani kwamba pumzi ikiingia katika shaba, basi shaba hulia. Sivyo. Kinacholia kwanza ni midomo ya mpigaji. Pumzi hupita kati ya midomo iliyofumbwa, midomo hutetemeka upesi sana, na bomba hupokea mtetemo ule na kuukuza. Vile vibonyezo vitatu, ambavyo namna yake ilibuniwa na Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel na kupewa hati katika Prussia mwaka 1818, kazi yake ni kurefusha njia ya pumzi tu. Hata asipobonyeza kimoja, mpigaji aweza kutoa sauti tano au sita, moja juu ya nyingine, na midomo ndiyo ichaguayo. Basi vidole hujifunza kwa majuma machache, bali midomo hutaka miaka, maana misuli yake hupata nguvu polepole, kama mkono wa mhunzi.

Hapo mwanafunzi huona njia ya mkato. Akishindwa kuifikia sauti ya juu, huikandamiza tarumbeta midomoni kwa mkono, na sauti hutoka. Walakini imetoka kwa nguvu ya mkono, si ya mdomo. Damu huzuiwa isipite vema, midomo hufa ganzi, na yule aliyepiga ubeti wa kwanza kwa ushujaa hawezi kuumaliza wa tatu. Akiishusha tarumbeta, utaona alama ya duara mdomoni mwake, imekaa kwa muda mrefu.

Ni kweli kwamba kila mpigaji hukandamiza kidogo, la sivyo pumzi ingevuja pembeni. Lakini mmoja hukandamiza ili kuishika sauti ambayo midomo imekwisha kuifanya, na mwingine ili kuipata sauti ambayo midomo haijaiweza. Kwa nje huwezi kuwatofautisha upesi. Mpigaji mwenyewe ndiye ajuaye.

Basi ubaya ni nini? Ni kwamba kijana huyu amelipia sauti ya leo kwa midomo ya kesho. Tena amezoea kuitwa hodari kwa jambo asilolijua bado, na mtu aliyekwisha kusifiwa huona vigumu kurudi kwenye sauti ndefu za chini, zile zimjengazo mwanafunzi. Wazee walisema: mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Labda mtu atasema: "Mazishi hayangoji mwanafunzi akomae. Usharika wataka wimbo leo." Neno hili lina haki yake, nasi tusilipuuze. Walakini wimbo wetu una sauti nne. Mchungaji Eduard Kuhlo wa Gohfeld katika Ujerumani, aliyefariki mwaka 1891, na mwanawe Johannes, walifundisha watu kupiga kwa noti zile zile za waimbaji, na kila mmoja kushika sauti yake. Mpango huo humfaa sana aanzaye. Mpeni sauti ya pili au ya tatu, anayoiweza kwa midomo yake mwenyewe. Naye akichoka, anyamaze mistari miwili, kisha aingie tena. Kunyamaza kwake si udanganyifu, maana wenzake wangali wakiushika wimbo. Nyumbani apige kwa muda mfupi, kisha apumzike muda ule ule aliopiga, ndipo aanze tena.

Sasa nasema na wazee wa usharika na waalimu wa bendi. Mtoto hakandamizi tarumbeta kwa kiburi chake tu. Mara nyingi hukandamiza kwa sababu sisi tumemweka mbele kabla ya wakati, tukitaka wageni waone bendi yetu. Tukifanya hivyo, twamwomba atupe heshima, naye hulipa peke yake kwa mwili wake. Hiyo si haki, hata kama wimbo umependeza.

Kwa hiyo mwalimu asikilize ubeti wa mwisho kuliko ule wa kwanza, na atazame midomo ya wanafunzi wake wimbo ukiisha. Akiiona ile alama imezidi, asimkemee kijana. Amhamishe kwenye sauti ya chini, tena amwambie mbele ya wenzake kwamba hajashushwa cheo.