Shahada, Mshahara na Deni

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za Kenya huingia katika shauri moja: mtoto asome nini, na fedha zitoke wapi? Miongoni mwa masomo yanayowavuta vijana siku hizi ni kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, asili yake na namna ya kuuzuia. Ndipo wazazi wanapouliza: je, mshahara atakaoupata utatosha kulipa deni atakalolichukua? Wako wasemao kwamba kuuliza hivyo ni kuigeuza elimu kuwa biashara ya sokoni. Sisi hatukubali. Deni ambalo kijana hakulihesabu, mtu mwingine atamhesabia baadaye, na mara nyingi mtu huyo ni mama yake.

Kwanza yatupasa kuitendea haki elimu yenyewe. Mwaka 1764 Mwitalia Cesare Beccaria alitoa kitabu cha kuwashutumu watawala waliowatesa washtakiwa ili wakiri, akadai kwamba adhabu ilingane na kosa. Wengi waliomfuata waliendelea kuchunguza kwa nini watu huvunja sheria, na ni adhabu gani hurekebisha na ipi huharibu zaidi. Nchi yoyote yahitaji watu waliofundishwa kuuliza kwa nini kijana aliiba, wala si kuuliza tu afungwe miaka mingapi. Basi anayeisoma elimu hii kwa moyo hapotezi wakati wake.

Lakini faida ya elimu kwa nchi ni jambo moja, na malipo ya aliyeisoma ni jambo jingine. Anayetaka kuwa konstebo wa polisi hahitaji shahada: kwa kawaida alama ya D+ katika mtihani wa kidato cha nne yatosha kumpeleka mbele ya waandikishaji. Aliyekaa Chuo Kikuu miaka minne aweza kujikuta amesimama katika mstari uleule, akigombea nafasi ileile. Mwaka 2018 makonstebo wengi wenye shahada walishushwa mishahara iliyokuwa imepandishwa kwa ajili ya shahada zao, na shauri lao likafika mahakamani. Ziko kazi nyingine, katika magereza, katika idara ya probesheni, katika mabenki na makampuni ya ulinzi. Lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi, na hakuna cheti kinachomwahidi mtu kazi.

Sasa tulitazame deni. Mikopo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu humu nchini ilianza mwaka wa masomo 1974/75. Wengi waliokopa hawakurudisha, na mwaka 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ili kurekebisha mambo. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, nayo ni ndogo ukiilinganisha na ya mabenki. Mkopaji hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na sheria imeweka faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipwa.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijana amekopa shilingi 50,000 kila mwaka kwa miaka minne, jumla shilingi 200,000. Muda wa kulipa umefika naye amekaa mwaka mzima bila kulipa hata senti. Riba ya mwaka huo ni shilingi 8,000 tu. Bali faini ni shilingi 60,000. Hivyo si riba imwangushayo mkopaji, ni kuchelewa na kunyamaza. Na anayechelewa zaidi ni yule asiye na kazi. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Katika elimu hii ya uhalifu pana hatari nyingine, nayo haipatikani katika hesabu ya shilingi. Tunamwandaa mtu wa kulinda mali ya wengine, kupeleleza wizi, kukataa rushwa. Tukimpeleka kazini amefungwa shingo na deni asilolielewa, mshahara mdogo, na jamaa wanaomngojea nyumbani, tumemweka mahali pa majaribu. Hatusemi kwamba kila mwenye deni atapokea hongo. Wako wengi waaminifu waishio kwa shida. Twasema kwamba ni kosa kumtwika kijana mzigo huo kwa kutojali, kisha kumlaumu peke yake akianguka.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Mzazi na aketi na mwanawe kabla ya kutia sahihi, wayaandike pamoja deni lote na malipo ya kila mwezi, wala asimsukume kwenye shahada kwa ajili ya heshima mbele ya majirani. Chuo kimwambie mwombaji ukweli wa kazi zinazopatikana. Serikali, ikiwa yataka askari walioelimika, isiwaachie wao peke yao gharama ya elimu inayoinufaisha nchi nzima. Naye mkopaji alipe, hata kidogo kidogo, na akikosa kazi aende kusema mapema. Maana fedha anazorudisha ndizo atakazokopeshwa mdogo wake. Aliyejifunza uhalifu miaka minne, kisha akajificha asilipe huku anao uwezo, hakuna somo alilolipata.

Kijana aliyehesabu gharama na bado moyo wake unaipenda kazi hii, na aende tukimwombea baraka. Yule aliyehesabu na kuona afadhali aanze kazi kwanza, asome baadaye kwa fedha zake, asionwe kuwa ameshindwa. Thamani ya mtu haikuandikwa katika shahada, wala katika hati ya mshahara.