Nyani na Maradhi ya Shibe

Wako wasemao kuwa mnyama ameumbwa kwa manufaa ya binadamu, basi tabibu na amfanyie apendavyo. Na wako wasemao kuwa kumtia mnyama ugonjwa ni dhuluma tupu, hata wakipona watu elfu. Kauli zote mbili ni nyepesi mno, kwani hazimlazimishi msemaji kupima kitu.

Maradhi yenyewe hayako mbali nasi. Katika miaka ya 2007 na 2008 walipimwa watu wa Nakuru wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kiasi cha nusu yao walikutwa na shinikizo la damu, na karibu 7 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Maradhi haya, pamoja na unene wa tumbo na mafuta mabaya ya damu, hupenda kuandamana katika mwili mmoja, tena hufuata nasaba. Lakini nasaba ya binadamu ni ngumu kuichungua: mtaalamu hawezi kuwaoza watu atakavyo, wala kuwalisha chakula kimoja miaka na miaka. Ndipo akatafutwa nyani, ambaye mwili wake wakaribia wetu. Huko San Antonio, Texas, wamefugwa nyani wanaojulikana wazazi wao kizazi baada ya kizazi, na wengi katika wahenga wao walitegwa nchini Kenya. Kwa hao zimetafutwa jeni zihusuzo unene na mafuta ya damu.

Kenya nayo ilipata mtihani wake, bila ya kizimba. Kundi moja la nyani wa Amboseli lilizoea kula katika jaa la hoteli ya watalii. Habari zilizotangazwa mwaka 1993 zaonyesha kuwa majike wa kundi hilo walikuwa na mafuta kiasi cha 23 katika kila 100 za uzito wa mwili, na wenzao waliojitafutia riziki porini hawakufika 2. Baadaye ikaonekana kuwa hata insulini ilikuwa imepanda katika damu ya hao wa jaani. Hakuna mtaalamu aliyewatia ugonjwa. Makombo tuliyamwaga sisi.

Sote twamjua yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Nyani wa leo hafungwi kwa njaa, hufungwa kwa shibe, na sioni kuwa shibe yamtoa mfungaji katika hisabu. Naona yajuzu kumtumia mnyama pale haja ilipo ya kweli, njia nyingine haipo, na maumivu yamepunguzwa kadiri iwezekanavyo. Lakini iko sharti ya nne ambayo watu hawaitaji: elimu iliyonunuliwa kwa mwili wa mnyama isiachwe kuoza makabatini.

Hapo ndipo penye uzito. Atakayesema kuwa kisukari ni cha ukoo, hana la kufanya, na aulizwe habari ya Amboseli: jeni zilikuwako siku zote, jaa lilikuja juzi. Na mtafiti atakaye vizimba vipya naye aulizwe, kabla hajapewa mnyama hata mmoja: lile tulilokwisha kulijua limewafikia wangapi Njoro, Molo na Gilgil? Wazee wa huko watapimwa damu wapi, na kwa fedha ya nani? Na dawa ikipatikana, mkulima wa Subukia ataimudu bei yake?