Kibaba na Mzigo

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyamwezi iliyopitiwa zamani na misafara ya kati ya pwani na Ujiji. Misafara ile ilikuwa na desturi mbili za kugawa. Posho ilipimwa kwa kibaba, na kila mpagazi alipata sawa na mwenziwe. Mzigo haukugawanywa hivyo, kwani pembe nzito ya ndovu alitwikwa mwenye mabega ya kuistahimili. Desturi hizo hazikupingana, maana zote zilitaka msafara mzima ufike.

Je, halmashauri igawapo fedha za shule, ifuate desturi ipi?

Tusikibeze kibaba sawa, kwa kuwa ni tunda la Uhuru. Wakoloni waligawa elimu kwa rangi: Wazungu, Wahindi na Waafrika, kila kundi na shule zake. Hata miongoni mwa Waafrika, Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa kwanza watoto wa machifu. Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa mwaka 1962. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na 25,000 kwa wa sekondari, awe mtoto wa nani.

Hata hivyo, kibaba sawa hakimalizi haki. Shule ndogo ya kijijini, sawa na ile kubwa ya mjini, yahitaji mlinzi, chaki na karatasi za mitihani, lakini ruzuku yake ni haba kwa kuwa vichwa vyake ni vichache. Mtoto asiyeona ahitaji vitabu vya nukta nundu. Kumpa sawa na mwenye macho ni kumpunja kwa mizani iliyo sahihi.

Liko jambo gumu zaidi. Ruzuku hutoka Serikali Kuu. Madiwani hupanga matumizi ya mapato ya ndani. Desturi iliyoenea ni kwamba wananchi hunyanyua boma la darasa, kisha halmashauri huliezeka. Desturi hiyo ni njema, yafundisha kujitegemea. Lakini, ndugu msomaji, tufikirie vitongoji viwili. Kimoja kimevuna tumbaku vizuri, kikanyanyua maboma matatu na kuezekewa yote. Cha pili kimekumbwa na ukame. Hakina boma, basi hakipati bati. Diwani atasema, "Siwezi kuwanyima waliotoa jasho." Asema kweli. Lakini mtoto wa kitongoji cha pili hakuuchagua umaskini wa wazazi wake, wala hana kiti katika kikao cha kugawa.

Kosa letu ni kuchanganya desturi mbili za wahenga. Elimu ni posho: kila mtoto apate kibaba chake kamili. Mchango wa wazazi ni mzigo: kila kitongoji kibebe kwa kadiri ya mabega yake. Palipo na nguvu, boma lidaiwe kabla ya bati. Palipo na unyonge, halmashauri itangulie kutoa saruji, nao wananchi watoe mchanga na mikono.

Mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuuliza kila fungu limepewa nani, na kwa sababu gani. Msafara haujafika kwa kufika waliotangulia. Umefika aingiapo wa mwisho.