KASISI WA MCHEZONI NA WAZEE WA KWETU

Masomo: 2 Samweli 12:1-13, Kutoka 20:12, Isaya 49:14-16



 Mwezi huu napenda tutafakari pamoja habari za kasisi mmoja ambaye hakubatiza mtoto hata mmoja, wala hakuzika mtu, kwa sababu ni mtu wa kubuniwa tu. Ni kasisi wa mchezo wa kuigiza wa televisheni.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mchungaji, hadithi za kubuni zina kazi gani kanisani?" Na tumkumbuke nabii Nathani. Mfalme Daudi alipotenda dhambi, Nathani hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, na hapo ndipo Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Hadithi ilimfikia mfalme mahali ambapo karipio lisingeweza kufika.

Sisi Watanzania twalijua jambo hili. Kuanzia mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Watu walikaa karibu na redio wakimsikiliza Mkwaju, dereva wa lori aliyependa anasa na kuihatarisha nyumba yake. Mkwaju hakuwa mtu wa kweli, lakini wanaume wengi walijiona ndani yake.

Sasa nirudi kwa kasisi wetu. Huko Uingereza upo mchezo uitwao Emmerdale, ulioanza tarehe 16 Oktoba 1972 na bado unaendelea mpaka leo. Ni habari za kijiji kimoja cha wakulima na wafugaji sehemu za Yorkshire. Kama vilivyo vijiji vingi vya kule, pana kanisa la Kianglikana na kasisi wake. Tangu mwaka 1996 hata 2017 alikuwapo mchezoni kasisi aliyeitwa Ashley Thomas, na aliyemwigiza ni John Middleton.

Ashley alikuwa mtu mpole. Aliwafariji wafiwa, aliwapatanisha waliogombana, na watu walimpenda. Lakini alikuwa na baba yake mzee nyumbani, jina lake Sandy, aliyekuwa baharia zamani. Katika masimulizi ya mwaka 2011 kasisi huyu, akiwa amechoka na kulemewa na mambo ya nyumba yake, alianza kumfokea baba yake, na mwisho akampiga. Naam, mtu yule yule aliyesimama mimbarani alimpiga mzazi wake nyuma ya mlango uliofungwa. Mzee alinyamaza kwa aibu na kwa kumpenda mwanawe. Mambo yalipofichuka, ndoa ya kasisi ilivunjika.

Ndugu msomaji, usiharakishe kumhukumu. Mimi niliposikia habari hizi nilimkumbuka mama yangu katika miaka yake ya mwisho. Aliniuliza kama ng'ombe wamerudi. Nikamjibu. Akauliza tena, na tena. Mara ya sita nilimfokea kwa sauti kubwa mbele ya watoto. Sikumpiga, lakini niliona macho yake yalivyoshuka chini. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya upendo, na hakuna aliyejua isipokuwa Mungu, na mama yangu, na wale watoto.

Habari za Ashley hazikuishia hapo. Baadaye alirudiana na mkewe, Laurel. Kisha akaanza kusahau. Alisahau maneno, akasahau njia, akasahau watu. Madaktari wa mchezoni waliutaja ugonjwa wa ubongo unaotokea damu isipofika vizuri kichwani, mara nyingi kwa sababu ya viharusi, hata vile vidogo ambavyo mtu havitambui. Ni ugonjwa wa kweli, nao huwapata watu wa kila taifa. Mwezi Desemba 2016 sehemu moja ya mchezo ilionyeshwa kana kwamba mtazamaji anaona kwa macho ya Ashley mwenyewe: nyuso za jamaa zake ziliigizwa na watu wengine, ili tufahamu hofu ya mtu anayezungukwa na wake wa nyumbani na kuwaona wote wageni. Mwezi Aprili 2017 akafa katika mchezo.

Angalieni jambo hili. Mkono uliompiga mzee kwa sababu ya uzee wake ulikuja kutafuta mtu wa kuushika. Naye mzee Sandy, yule aliyepigwa, alikuwa bado hai. Alimwona mwanawe akidhoofika kuliko yeye mwenyewe, na hakumwacha.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Lau Ashley angalikuwa mzee wa hapa kwetu, tungesema nini juu yake? Mzee akitoka usiku asijue aendako, akionekana amesimama nje ya nyumba ya jirani alfajiri, akizungumza na watu waliokufa zamani, je, tungempeleka zahanati, au tungenong'ona? Na kama ni bibi mjane, na mwezi ule mtoto wa jirani akafa? Ninyi mwajua jibu. Usukumani kwetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengi wao ni akina mama. Ramli hupigwa, jina hutajwa, na mara nyingine nyuma ya jina hilo pana shamba ambalo mtu analitamani.

Wengine husema macho mekundu ndiyo dalili. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, atakosaje macho mekundu? Moshi ule ulituivishia ugali sisi sote. Majirani zetu wa Magu walilielewa hili. Shirika la MAPERECE linalowatetea wazee huko liliwahimiza watu kujenga majiko yanayopunguza moshi. Jiko jema linaweza kuokoa macho, na pengine likaokoa na maisha.

Na kusahau nako si uchawi. Ni maradhi, kama malaria ilivyo maradhi. Shinikizo la damu likiachwa bila kutibiwa huweza kuleta kiharusi na kuuharibu ubongo. Kwa hiyo mpelekeni mzee akapimwe mapema. Na ugonjwa ukiisha kuingia, dawa kubwa iliyo mikononi mwetu ni uvumilivu: kumjibu mara ya saba kama tulivyomjibu mara ya kwanza.

Amri ya Tano yatuagiza tuwaheshimu baba na mama. Haikuweka sharti kwamba wawe bado wanatukumbuka. Na kwa kinywa cha Isaya Bwana alisema kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, lakini Yeye hatatusahau. Ametuchora katika vitanganja vya mikono yake. Mzee wetu akisahau Sala ya Bwana, tumsalie sisi. Akisahau jina lake, kanisa limkumbushe. Mungu anayo yote.

Nina maombi matatu kwenu. Mwezi huu kila jumuiya imtembelee mzee mmoja anayeishi peke yake, impelekee kuni na maji, na kukaa naye kitako. Mkisikia jina la mzee likinong'onwa kwenye pombe au gulioni, semeni hapo hapo kwamba ni uongo, kisha mpeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwangu, hata kama ni usiku. Na yeyote aliyemfokea au kumwinulia mkono mzazi wake, aende leo akaombe msamaha, angali yupo wa kuombwa. Mimi nilichelewa. Mama yangu alikuwa amekwisha kusahau kwamba nilimfokea, nami nikamwomba radhi hivyo hivyo. Alicheka, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama, wamerudi wote."

Tuombe: Ee Bwana, usiyesahau mtu, utulindie wazee wetu, utusamehe ukali wetu, na sisi tutakaposahau, utukumbuke katika ufalme wako. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji wenu
Mwamapalala