Balozi na Mlima

Shangazi yangu ndiye aliyenianzishia mambo haya. Jioni moja hapa Kihagara nilikuwa nimeketi na bibi kwenye mkeka, daftari magotini. Shangazi akapita na beseni la dagaa akitoka ufukoni, akasimama. "We mtoto," akasema, "mbona unakaa na bibi yako kama karani wa sensa?" Tukacheka wote. Bibi ndiye aliyecheka zaidi, maana yeye huniita mume wangu, na mume gani huyo anayemhesabu mkewe?

Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu. Nina miaka 26, kazi sina ila kumsaidia mjomba kushona nyavu na kuandika riwaya ambayo haiishi. Neno la shangazi nililipuuza. Lilinirudia baadaye, nilipoazimwa kitabu na mwalimu wangu mstaafu nikasoma habari za mtu mmoja aliyekufa zamani. Toka hapo nina swali ambalo nalileta kwenu, ndugu zangu wa kalamu: ukikitazama kitu kwa mapenzi ya kweli, je, mapenzi hayo yanakupa haki ya kuondoka nacho?

Kwanza kuna Mwingereza William Hamilton, aliyekuwa balozi wa nchi yake Naples toka mwaka 1764 hadi 1800. Kazi yake ilikuwa siasa za mfalme, lakini moyo wake ulikuwa kwenye volkano. Mlima Vesuvius aliupanda zaidi ya mara sitini, akaandika juu ya moto wake kitabu kikubwa chenye picha za rangi. Penzi lake la pili lilikuwa vyungu vya kale vilivyofukuliwa makaburini. Mwaka 1772 aliliuzia jumba la makumbusho la London mkusanyo mzima. Sehemu ya mkusanyo wa pili aliisafirisha kwa meli Colossus, ambayo ilizama Desemba 1798 karibu na visiwa vya Scilly, na vyungu hivyo vikaenda na maji. Nilipofika hapo nilitabasamu, Mungu anisamehe. Vitu vilivyotulia kaburini miaka elfu mbili, vikaishia chini ya bahari ya watu wengine.

Lakini Hamilton ni wa mbali. Wa kwetu ni Harry Johnston.

Johnston alizaliwa London mwaka 1858, akajifunza uchoraji. Mwaka 1884 alitumwa Kilimanjaro na vyama vya wanasayansi vya Uingereza kukusanya mimea na wanyama. Kilimanjaro nayo ni volkano, tusisahau, ingawa imelala. Alikuwa na miaka 26. Nilipousoma umri huo nilifunga kitabu nikaenda kuoga ziwani kwanza. Mtu wa umri wangu yuko mlimani, anachora, anajifunza lugha za wenyeji, na mimi hapa sijavuka sura ya nne!

Alikaa miezi kadhaa, akipokewa na Mangi Rindi wa Moshi ambaye wageni walimwita Mandara. Aliokota majani, akakausha ndege. Ule mmea mkubwa wa juu mlimani, wenye shina nene na majani kama kabichi kichwani, wanasayansi wakaupa jina lake. Yule ndege chozi wa kijani mwenye mkia mrefu anayenyonya maua ya baridini huko, naye akapewa jina lake. Mapenzi yake kwa mlima ule hayana shaka. Asiyependa hachori jani moja hadi mishipa yake.

Sasa sikia. Julai ya mwaka huo huo, yuko mlimani bado, aliandika barua kwa bwana mkubwa mmoja katika wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Akaeleza kwamba nchi hii ni nzuri, ina hewa safi, inafaa kabisa kukaliwa na Wazungu. Barua ilikuwa kwa Kiingereza, na ilikwenda London. Kabla ya kuondoka alipata pia mikataba ya ardhi kule Taveta. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana: mlima ukaenda kwa Mjerumani, Taveta ikabaki kwa Mwingereza. Jicho lililoona jani ndilo lililopima kiwanja.

Baada ya hapo akaajiriwa rasmi. Mwaka 1889 alikuwa balozi mdogo Msumbiji, akapanda hadi kwenye ziwa letu hili la Nyasa akitia saini na machifu. Toka 1891 hadi 1896 akatawala ng'ambo, nchi ambayo leo ni Malawi. Na bado alikuwa anakusanya! Alituma samaki London, na mwaka 1894 mtaalamu Günther akawaandika kitabuni. Mmoja ni johnstoni. Fikiria, msomaji: samaki ambaye babu zetu walimla kwa ugali wa muhogo, na kumwita wanavyomwita, kumbe alikuwa anasubiri jina.

Hata jiwe halikusalimika. Liuli, kusini mwetu, kuna jiwe kubwa ufukoni ambalo wenyeji huliita Pomonda. Wajerumani walipolitazama wakaona sanamu ya kale ya Misri, ile yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari yote Sphinxhafen. Yaani hawakuliona jiwe, waliona kitabu walichosoma kwao.

Nisimwonee Johnston. Desemba 1895 alimfuata Mlozi kule Karonga, kaskazini mwa ziwa hili hili. Mlozi alikuwa mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa amewaua Wangonde wengi, na Johnston alimshika akamnyonga. Siwezi kuketi hapa nikamlilia Mlozi. Wazee wa mwambao huu walikuwa na hadithi nyingi za kuwakimbia watu wa namna ile, na hadithi hizo hazichekeshi.

Halafu kuna habari ya okapi, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Johnston alipokuwa Uganda, toka mwaka 1899, kulikuwa na Mjerumani aliyewateka Wambuti wa msitu wa Kongo ili akawaoneshe Ulaya kwa kiingilio, kama wanyama. Johnston aliwaokoa, akawarudisha kwao. Alikuwa amesoma kwamba msituni kuna mnyama kama punda, akawauliza. Wakamweleza habari zake zote, kwa sababu mnyama huyo walimjua, walimla. Baadaye Johnston akapata vipande vya ngozi, kisha ngozi nzima na mafuvu aliyoletewa na ofisa mmoja wa Kongo. Mwaka 1901 dunia ikatangaziwa mnyama mpya: Okapia johnstoni. Mpya kwa nani?

Rafiki yangu mmoja wa Mbinga mjini, mshairi, tuliligombania jambo hili mpaka chai ikapoa. Yeye anasema nalalamika bure. Johnston aliandika kitabu cha juzuu mbili kulinganisha lugha za Kibantu zaidi ya mia mbili. Bila watu kama yeye, mengi yangepotea. "Kilichoandikwa kimepona," alisema. Nikamjibu kwamba mgonjwa anaweza kupona na bado akawa ameibiwa viatu wodini. Akanicheka. Lakini hakunijibu, na mimi pia sikumjibu, maana kweli nimeyajua haya yote kwa sababu kuna mtu aliandika.

Wengi husema watu kama Johnston walijifanya wapenzi wa elimu ili wafiche unyang'anyi. Mimi nadhani ni vibaya zaidi ya hivyo. Hawakujifanya. Alipenda kweli, na mapenzi yale hayakuzuia chochote. Mandara alimpa mahali pa kukaa, Wambuti wakampa mnyama wao, na wote walidhani wanazungumza na mgeni. Hawakujua kwamba kila neno lilikuwa na anwani.

Uzeeni Johnston aliandika riwaya. Ya kwanza ilitoka mwaka 1919, ana miaka sitini hivi. Ningefurahi, ingenipa matumaini. Badala yake niliona kwamba huyu mtu ni wa kabila langu.

Kwa maana mwaka juzi nilichapisha hadithi fupi katika jarida moja. Ilikuwa juu ya mwanamke aliyemwacha mtoto wake wa kwanza kwa wakwe akavuka ziwa usiku kwa mtumbwi. Majina nilibadilisha. Kovu la mkononi sikulibadilisha, lilikuwa zuri mno kuachwa. Binamu yangu akaja na jarida lile kutoka Songea, akamsomea bibi hadharani, watu wakimenya muhogo. Shangazi alisimama akaingia ndani. Mtoto wa kwanza aliyeachwa ni yeye, na alikuwa ameambiwa kwamba aliugua tu, ndipo akapelekwa kwa wakwe anyonyeshwe.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umeandika vizuri, mume wangu. Lakini mbona hukuniambia kwamba unaondoka nayo?"

Nilisema nilibadilisha majina. Nilisema hadithi kama ile isiandikwe, itapotea. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ikawa kama ya yule mshairi wa Mbinga.

Shangazi siku hizi ananisalimu, ananipa hata magege nikipita kwake, ila akiwa anaongea na bibi nami nikitokea, hunyamaza. Bibi hajanyamaza. Wiki iliyopita nilikwenda kumpelekea sukari, akanitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Leo umekuja mjukuu au mwandishi?"

"Mjukuu," nikasema.

"Basi iweke ile kalamu pale dirishani."