Siku ya 12: Maji ya Ziada Njiani

🌙 *Tafakuri ya Ramadhani*



Jana baada ya tarawehe kijana wetu mmoja alinivuta pembeni. "Maalim," akasema, "khareef ijayo nataka niwapeleke watoto Salalah. Tiketi za ndege za watu sita siziwezi, tutakwenda kwa gari. Nipe maarifa: tutapitaje jangwani tusiungue sisi, na mfuko nao usiungue?"

Nikacheka. Nikamwambia, swali lako nitalijibu kwenye tafakuri ya kesho, na wenzako wafaidike.

Basi hili ndilo jibu. Lakini nakuomba usiishie katikati. Sehemu ya kwanza ni ya gari na barafu. Sehemu ya pili ni ya kosa langu mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Pengine utasema: Maalim, Ramadhani zetu sasa zimeingia kwenye baridi, joto la Juni linatuhusu nini? Linatuhusu. Mliofunga hapa Oman mwaka 2014, 2015 na 2016, Ramadhani ilipokuwa Juni na Julai, mnajua kiu ni kitu gani. Kiu ya leo ni nyepesi. Tusiache wepesi wake utusahaulishe.

*Kukimbia joto si udhaifu wa imani*

Wako watu wanaodhani kujitesa juani ndiyo uchamungu. Sivyo. Abu Dharr (radhiyallahu anhu) amesimulia kwamba walikuwa safarini na Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam), muadhini akataka kuadhini Adhuhuri. Mtume akamwambia asubiri kwanza kupoe. Alipotaka tena, akamwambia vile vile, mpaka wakaona vivuli vya vilima. Imo katika Bukhari na Muslim.

Hebu tafakari. Sala, nguzo ya dini, imesubirishwa joto lipungue. Sasa wewe na watoto wako mnashindana na jua la saa saba mchana kwa sababu gani?

Hata sheria ya kazi hapa Oman, kuanzia Juni mpaka Agosti, inakataza kuwafanyisha watu kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Msafiri mwenye akili naye ajiwekee sheria hiyo.

*Sasa sikiliza, kijana wangu*

Kutoka Maskat mpaka Salalah ni kiasi cha kilomita 1,000. Ukishaipita Adam, mbele yako ni tambarare tupu, jua juu na mchanga chini, mpaka Haima, ambayo iko karibu na nusu ya njia. Kisha tambarare tena mpaka Thumrait, ndipo milima ya Dhofar inapoanza na ukungu wa khareef unakupokea. Katikati hapo joto la kiangazi huvuka nyuzi 45. Salalah unalikuta kama nyuzi 26 na manyunyu. Ni rehema, lakini lazima uifikie salama.

1️⃣ Ondoka mara tu baada ya sala ya Alfajiri. Mtume ameuombea umma wake baraka katika asubuhi zake. Ukiondoka mapema, saa nne au saa tano uko Haima, jua halijakasirika. Pumzika hapo. Ukiweza kulala, lala, umalizie kesho yake. Usiku usikimbie, ngamia hawana taa.

2️⃣ Siku mbili kabla, gandisha chupa za maji kwenye friza la nyumbani. Zipange ndani ya deli. Zikiwa barafu zinapoza chakula, zikiyeyuka mnakunywa. Hununui barafu, hununui maji baridi njiani.

3️⃣ Pima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa baridi. Tairi kuukuu na lami ya moto hazipatani. Tazama maji ya rejeta nyumbani, na injini ikichemka njiani usifungue kifuniko chake mpaka ipoe kabisa.

4️⃣ Gari likiwa limekaa juani, fungua madirisha yote kwanza, hewa ya moto itoke, ndipo uwashe kiyoyozi na ufunge. Kitapoza haraka na kitakula petroli kidogo. Wala usimwache mtoto ndani ya gari, hata "dakika moja tu naingia dukani".

5️⃣ Punguza mwendo. Gari likienda mbio sana linapigana na upepo, na bei ya vita hivyo unailipa kituo cha petroli. Tangi lijaze Adam, lijaze tena Haima, usisubiri taa nyekundu.

6️⃣ Pikeni nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, tende, chai ya maziwa kwenye chupa. Na maji ya kunywa: lita 4 kwa kila mtu, kisha ongeza.

Hilo neno *kisha ongeza*, liweke akilini. Tutalirudia.

*Sehemu ya pili*

Haya yote niliyoyaandika niliyafanya mimi mwenyewe, kiangazi kimoja miaka kadhaa nyuma. Nilijipanga vizuri, wallahi nilijisifu. Nilikuwa na kijitabu: petroli kiasi hiki, chakula kiasi hiki, kufika saa fulani. Mama watoto alijaza deli chupa mpaka kifuniko kikakataa kufunga.

Tulichelewa kuondoka Haima. Ilikuwa kama saa saba mchana, lami mbele yetu inameremeta kama bahari. Pembeni mwa barabara nikaona pikapu imesimama, boneti juu. Kando yake mtu mmoja, mfanyakazi tu kwa mavazi yake, kitambaa kichwani. Aliinua mkono.

Nikampita.

Sikumpita kwa chuki. Nilisema moyoni: nyuma yangu kuna magari, mmoja atasimama. Nikasema: nina watoto, simjui. Nikasema: nikisimama sasa hivi hesabu yangu yote inaharibika, tutafika usiku. Kila neno lilikuwa na akili ndani yake. Ndivyo Ibilisi anavyofanya kazi na watu wa hesabu kama sisi, hatuletei neno la kijinga.

Baada ya kitambo binti yangu, wakati huo ana miaka saba, akasema kutoka nyuma: "Baba, yule mtu hana kivuli. Na sisi maji tunayo mengi."

Hakusema zaidi ya hapo. Nikaendelea kuendesha, lakini usukani ukawa mzito. Mwisho nikatafuta pahala pa kugeuza, na pale pa kugeuzia palikuwa mbali. Tuliporudi, pikapu ilikuwepo, boneti limefungwa. Mtu hayupo. Tulishuka, tukaita, tukatazama huku na huku. Hakuna kitu. Nilikwenda mpaka kituo cha petroli kuuliza, hakuna aliyejua habari zake.

Natumai alipata mtu mwema akamchukua. Natumai. Lakini sijui, na mpaka leo sijui.

Tukafika Salalah usiku. Asubuhi nikalifungua deli nilisafishe. Chupa kumi na nne zimebaki, na chini maji ya barafu yamejaa. Nikaliinua, nikayamwaga yale maji ya chini kwenye mchanga. Ndipo mikono ilipoanza kunitetemeka. Maana nilikuwa nimewahi kuisomesha hii hadithi kwenye darsa, kwa mdomo wangu.

Abu Hurayra (radhiyallahu anhu) amepokea kwamba wako watu watatu ambao Allah hatawasemesha Siku ya Kiyama wala hatawatazama. Mmoja wao ni mtu aliyekuwa na *maji ya ziada njiani akamnyima msafiri*. Na katika mapokezi mengine yaliyomo katika Bukhari, Allah atamwambia kwamba leo anamnyima fadhila Yake, kama yeye alivyonyima ziada ya kitu ambacho mikono yake haikukitengeneza.

Ndugu yangu, mimi nililigandisha lile barafu. Maji je, niliyatengeneza mimi?

*Akiba ni ya nini?*

Usinielewe vibaya. Sikwambii usibane matumizi. Kubana ni sunna, israfu ni ya ndugu zake mashetani. Katika Sura ya Furqan, aya ya 67, Allah amewasifu waja wake kwamba wakitoa hawafuji wala hawafanyi choyo, bali wanasimama katikati.

Kosa langu halikuwa kuweka akiba. Kosa langu lilikuwa kuisahau kazi ya akiba. Nilihifadhi maji mpaka yakanishinda kunywa, nikahifadhi muda mpaka nikamhesabu binadamu kuwa ni hasara ya muda.

Abu Said al-Khudri (radhiyallahu anhu) amesimulia walipokuwa safarini na Mtume, akaja mtu amepanda kipando chake, anageuza macho kulia na kushoto. Mtume akawaambia: mwenye kipando cha ziada ampe asiye nacho, mwenye chakula cha ziada ampe asiye nacho. Akaendelea kutaja aina za mali moja moja, mpaka wakaona hakuna mmoja wao mwenye haki na kilichozidi. Imo katika Muslim.

Tazama: yule mtu hakuomba kwa mdomo. Aligeuza macho tu. Wangu mimi aliinua mkono kabisa.

*Na hii Ramadhani yetu je?*

Leo kumi la pili limeshaanza. Tunashinda na kiu saa kadhaa, huku tunajua kwa dakika maji yatafika lini. Yule mtu pembeni mwa barabara hakuwa na adhana ya Magharibi ya kumngojea.

Unaiona jioni hapa Maskat: kwenye taa za barabarani, dakika chache kabla ya Magharibi, vijana wanawapa madereva tende na chupa ya maji. Allah awalipe. Ila nakuuliza, na ninajiuliza mwenyewe: mwezi ukiandama wa Shawwal, mkono huo unarudi mfukoni? Mfanyakazi wa barabarani ana kiu Ramadhani tu?

*Kazi ya leo* ✍🏽

▪️ Kwenye futari ya leo punguza kitu kimoja ambacho kila siku kinabaki na kutupwa. Thamani yake iweke kando kabla hujalala. Hiyo ni ziada, mtafute mwenyewe.

▪️ Weka chupa mbili za maji ndani ya gari, zisizo zako, na uzibadilishe mara kwa mara. Mtu akikugeuzia macho, usianze kuhesabu.

▪️ Na wewe kijana wangu wa Salalah: lita 4 kwa kila mtu, *kisha ongeza*. Ile nyongeza si ya watoto wako. Na kwenye hesabu ya safari yako acha nusu saa tupu, haina jina. Huenda ikawa ni ya mtu usiyemjua.

Ewe Mola wetu, tusamehe kila tuliyempita. Yule mja Wako, popote alipo, mneemeshe, na kama ana haki kwetu basi mridhishe kwa fadhila Zako. Usitunyime kivuli Chako siku ambayo hakuna kivuli ila Chako. Tukubalie funga zetu, uwarehemu wazee wetu waliotangulia, na utufikishe salama katika kila safari. Aamin.

Ukiona kuna faida, mtumie na mwenzako anayepanga safari. Tukutane tarawehe inshaallah.

Wassalaam alaykum warahmatullah.